Niliunga bunduki ya kuwindia badala ya kununua mpya, na gharama yake akalipa rafiki yangu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mwenzetu wa Pretoria ameuliza humu: kati ya kununua rifle mpya ya kuwindia na kuunga yako kwa vifaa vya mtumba, ipi ina nafuu? Nilianza kumjibu kwenye comment, ikawa ndefu, nikafuta. Nimeona nifungue uzi wangu.

Sitaongeza chumvi, maana yenyewe ilivyo imeshanikaa kooni. Watu wa Berea, hapa Joburg, mlioko humu mtanijua kwa maelezo. Naomba msitaje jina langu, wala la huyu nitakayemwita Hamza.

Na kabla hamjanirukia: sizungumzii gobole. Nina permanent residence, nina competency, yaani cheti cha kuruhusiwa kumiliki silaha, sefu imefungwa ukutani na ikakaguliwa, na kila kipande kilipita kwa fundi bunduki mwenye leseni. Anayetaka kujifunza kutengeneza silaha chumbani kwake apite kushoto, huu si uzi wake.

Tuendelee.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Joburg miaka mingi, kazi yangu ni kutengeneza friji na mashine za kufulia. Kwa hiyo mimi kitu kizima huwa sikinunui. Friji iliyokufa naitoa motor, nyingine naitoa mlango, zinazaliwa friji moja. Bakkie ninayoendesha, yaani pickup, ina mlango wa rangi nyingine. Mke wangu anasema hata jeneza langu nitataka liungwe kwa mbao za kabati. Tulikuwa tunacheka. Siku hizi huo utani hautolewi tena.

Hamza ni mtu wa nyumbani, tumetoka mtaa mmoja. Alikuwa na bucha yake ndogo Berea, chini ya ghorofa. Wakuu, ukiwa Muislamu ugenini utaelewa ninachosema: mchinjaji unayemwamini ni mtu mkubwa. Watanzania, Wamalawi, Wakongo Waislamu, wote kwa Hamza. Hakuna aliyekuwa anauliza. Ukisema "hii ya Hamza," sahani inaisha.

Sasa tulikuwa na mzee mmoja Kaburu, tunamwita Oom, ana farm upande wa Limpopo. Hamza alikuwa ananunua kondoo kwake. Oom akawa anatuambia kila winter anapunguza tandala, tukitaka tuje tuwinde, bei poa. Tatizo likawa moja tu. Oom akipiga, mnyama anaanguka amekufa hapo hapo, na hakuna Bismillah iliyosomwa. Kwetu hiyo ni nyamafu. Mbwa wake watashukuru.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu tangu nyumbani Tanga. Apige Muislamu, asome Bismillah anapofyatua, halafu mkimbie mumkute mnyama bado ana uhai, achinjwe. Hiyo ndiyo tunaita kumwahi. Mkirudi mjini swali huwa ni moja: "Mmemwahi?" Mkisema tumemwahi, mambo yamekwisha, sufuria jikoni.

(Najua kuna masheikh humu watasema Bismillah ya kwenye kufyatua inatosha. Sawa. Subirini mfike mwisho, mtaona hata nyinyi hamtanisaidia.)

Katika kundi letu mwenye karatasi za kumiliki silaha nilikuwa mimi tu. Ndipo nikasema nitafute rifle.

Dukani nikaonyeshwa mpya. Si ya kifahari, ya kawaida kabisa, inakuja na darubini yake imeshafungwa, na guarantee. Nikaangalia bei, nikaguna. Muuzaji akaniambia, "My friend, this one you just take and go." Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Nikaanza kuunga.

Mama mmoja mjane aliyefiwa na mume mwindaji aliniuzia action ya zamani ya Kijerumani, yaani ule mwili wenyewe wa bunduki pamoja na bolt yake, lile komeo la kupakia risasi. Bei ya kutupa. Nikatembea kama nimeokota dhahabu. Mtutu nikaupata wa mtumba, nao bei nzuri. Kitako cha plastiki nikakitoa kwa mtu aliyekuwa anahama nchi.

Hapo kichwani nilikuwa naona nusu ya bei ya dukani. Hicho ndicho kitakachokudanganya na wewe wa Pretoria. Unahesabu vipande, huhesabu kuvikutanisha.

Fundi bunduki kuufunga mtutu kwenye action, hela. Kuupima kama ni salama, hela. Kitako hakikukaa, kikachongwa, hela. Makaratasi, picha, kwenda na kurudi, petroli, siku nzima bila kazi. Halafu kusubiri leseni, na kusubiri tena. Bandu bandu huisha gogo. Nilipokuja kujumlisha nilikuwa nimeshafika pale pale kwenye bei ya mpya, na darubini sijanunua.

Mwenye akili angesimama hapo akakubali ameliwa. Mimi nikakasirika, na mtu bahili akikasirika hubana pale ambapo hapabanwi. Darubini nikachukua ya rahisi mtandaoni. Vile vikamata vya kuishikilia juu ya bunduki, rings, nilikuwa navyo viwili vya bure, nilipewa na fundi. Vilikuwa vikubwa kidogo kwa ile darubini.

Fundi akaniambia hivi si vyake, nunua vyake. Nikamwambia poa.

Nikaenda nyumbani nikakata kopo la soda, nikazungusha kipande cha bati ndani, nikakaza. Wakuu, mimi nimezibia friji ngapi kwa mtindo huo? Zinaganda mpaka leo. Nikaenda uwanja wa shabaha, nikalinganisha, risasi zikaenda pale pale nilipotaka. Nikarudi kifua mbele, nikampigia Hamza: "Mzigo uko sharp."

Wakati huo Hamza alikuwa anaozesha binti yake, Rahma. Mtoto kazaliwa hapa hapa Joburg, Kiswahili anakisikia vizuri ila akijibu ni Kiingereza na Kizulu. Hamza alikuwa ameshawatangazia upande wa bwana harusi kwamba watakula biriani ya tandala. Ametamba na nani? Na mimi. "Ndugu yangu ana rifle yake sasa."

Tukaenda siku mbili kabla ya harusi. Mimi, Hamza, na pale farm tukapewa mfuatiliaji wa nyayo, Ntate Pule, Mtswana mtu mzima, si mwongeaji. Kutoka barabara ya lami mpaka kwa Oom ni vumbi na matuta membamba, meno yanagongana. Bunduki ilikuwa nyuma ya bakkie, kwenye begi. Sikuilinganisha tena. Ilikuwa baridi, Hamza ana haraka, na mimi nina imani na bati langu.

Tandala dume alisimama ubavu, katulia, kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikalenga nyuma ya bega. Nikasoma Bismillah. Nikafyatua.

Risasi ikaingia tumboni.

Niliona mwenyewe alivyojikunja. Halafu akaondoka. Ntate Pule alinitazama tu, akaenda kuangalia damu. Nikashika darubini kwa vidole viwili. Ikacheza. Ilikuwa inazunguka ndani ya vikamata kama jino bovu.

Tulimfuata yule mnyama tangu asubuhi ile mpaka jua limepinda. Damu tone hapa, tone kule. Kila tukimkaribia anainuka, tunasikia vichaka, anaondoka tena. Bunduki yangu haikuaminika tena na ya pili hatukuwa nayo. Nimeua mbuzi wengi maishani na sijawahi kuona haya mbele ya mnyama. Siku ile niliona. Hamza nyuma yangu anasoma dua kimya kimya, kisu kiunoni, "tumuwahi, ya Rabi, tumuwahi."

Tulimkuta kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Alikuwa amekwenda kunywa, akaangukia humo. Kichwa chote kilikuwa ndani ya maji.

Ntate Pule akaingia mpaka magotini, akamgusa jicho kwa kijiti. Akasema, "Eish. This one is finished. Long time."

Sasa hapo masheikh wa humu mnanielewa. Mnyama kafia majini. Hujui kafa kwa risasi au kwa maji. Hakuna mlango.

Hamza aliingia majini. Alimvuta kwa pembe mpaka ukingoni, peke yake. Akamgeuza shingo kuelekea kibla. Akasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti kubwa kabisa, kama pale pana watu mia wanaosikiliza. Akachinja.

Damu ilitoka nzito, nyeusi, kidogo, ikakatika.

Akafuta kisu kwenye nyasi. Akasema bila kunitazama, "Tumemwahi."

Nikamwambia, "Hamza, alikuwa amekauka huyu."

"Nimeona jicho limecheza."

"Kaka, Pule amemgusa jicho."

"Damu imetoka au haijatoka? Wewe ulitaka nini, aimbe?" Halafu akashusha sauti. "Ndugu yangu, nimeshawaambia watu. Rahma ataolewa mara moja. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini wale wakwe? Niambie wewe mwenye bunduki."

Nikashika miguu, tukampakia kwenye bakkie. Mwenye bunduki ndiye mimi.

Tukashika N1, barabara kuu ya kurudi Joburg. Nilikuwa nafikiria ninyamaze. Nawaambia kweli, nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Dhambi ni yake, jicho ni lake, mimi nani? Nilitaka tu tufike, nioge, nilale.

Tulipofika Berea wanawake walikuwa uani na visu na mabeseni, vitunguu vimeshamenywa. Vigelegele. Rahma akatoka mbio, hina mikononi, mikono ameinyoosha mbele isichafuke. Hakumuuliza baba yake. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye mpigaji, na mpigaji ndiye huulizwa.

"Baba mdogo, did you guys wahi it?"

Mtoto asiyeongea Kiswahili, ila hilo neno analo.

Nikamwangalia Hamza. Alikuwa ameshika kamba ya bakkie, hafungui. Nikafikiria yule mtoto akila ile nyama siku ya harusi yake, na bibi zake, na wale wakwe. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana, mama. Hatukumwahi."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Mke wa Hamza akauliza, "Mmechinja nini basi?" maana shingo ilionekana. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, wakuu. Kama shingo isingekuwa imekatwa, tungekuwa wawindaji wawili waliokosa bahati. Ila shingo ilikuwa imekatwa, na aliyeikata ni Hamza mchinjaji.

Harusi ilifanyika. Waliliwa kuku wa kununua, kutoka duka la halali mtaa mwingine. Wakwe walikula kwa adabu. Hakuna aliyesema kitu mezani.

Walisema baadaye. "Kama huyu kachinja mzoga kwa ajili ya binti yake, sisi ametulisha nini miaka yote?" Nilizunguka kila kibaraza kueleza: ni mara moja, ni bunduki yangu, mtu alikuwa amebanwa. Nilieleza mpaka msikitini. Watu wananisikiliza, wanasikitika, wananipongeza mimi kwa ukweli, na nyama wanakwenda kununua kwingine. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili nililichuma mimi na aliyekula ni Hamza peke yake.

Bucha ilifungwa kabla winter haijaisha.

Siku hizi yuko Diepsloot, pembeni mwa Joburg, anauza kwenye spaza ya mtu, kiduka cha mtaani. Nilimfuata juzi juzi. Ukifika pale unaongea naye kupitia nondo, kama mtu aliyefungwa. Alinisalimia vizuri, akanipa soda, pesa akakataa. Niliomba msamaha kwa yale yote ya vikamata na kopo. Akaniambia, "Bunduki nimekusamehe tangu siku ile bwawani. Kitu kibovu ni kitu kibovu."

Nikasubiri amalizie. Hakumalizia. Alikuja mteja anataka mkate.

Nikamuuliza tu ili nisiondoke kimya, nyama anapata wapi huku, maana wachinjaji ni wachache. Akasema nyama hali tena. Anakula maharage. "Kila nikishika kipande nauliza nani kachinja. Halafu najiuliza, na mimi ni nani hata nimuulize mtu."

Sasa wewe wa Pretoria, jibu lako. Kuunga kunaweza kuwa rahisi kama una muda, unajua kila kipande kinaoana na kipi, na huna kiburi cha kuziba pengo kwa kopo. Mimi vyote hivyo sikuwa navyo. Kwa randi zile zile ningepata mpya, na ingepiga begani. Rahisi ghali, tunaimba tangu utotoni, ila hakuna anayekwambia kwamba huo ughali unaweza kumwangukia mtu mwingine.

Bunduki iko kwenye sefu. Darubini nimeitoa nikaivunja. Nilipotangaza kuiuza, jamaa mmoja alipiga simu akauliza kama imewahi kuwa na tatizo. Nikamwambia ndiyo. Akakata.

Karibuni kwenye comments, hasa mliowahi kuunga zenu, na masheikh pia. Niulizeni chochote, nitajibu. Kitu kimoja tu naomba msiniandikie: kwamba nilifanya vizuri kusema ukweli. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu Berea, na wote walikuwa wanakwenda kununua nyama kwingine.