Mkaa wa Mnada

Watu wa Iringa hawakwambii hapana usoni. Nimeishi Mlandege miaka yote hii, na siku niliyolihitaji hilo nikalisahau. Ukimwonyesha mtu kitu chako atakishika, atakigeuza, atasema, "Hongera mama, Mungu akutangulie." Mie nikadhani hiyo ni oda.

Kitu chenyewe kilikuwa mkaa wa maranda. Kwenye mashine za mbao maranda yanatupwa marundo kwa marundo, na huku baridi ikipiga kila nyumba inaweka jiko ndani. Nikayaunguza, nikachanganya na uji wa muhogo, nikafinyanga kwa mkono hadi gunia likajaa. Mama yangu, aliyekuja kutoka Mbeya kukaa nami kwa muda, akauliza kama kuna mtu atanunua. Nikamwambia ngoja Jumapili tuone.

Jumapili nikalitoa gunia sadaka, likaingia kwenye mnada baada ya ibada, pamoja na maboga na kuku. Wee! Watu walilipigania. Mwalimu mmoja mstaafu akapanda bei, mwenye duka la mabati akampiku, vigelegele juu. Aliyeshinda akasema analirudisha kwa Bwana, linadiwe tena. Likanadiwa, likarudishwa. Gunia lile moja liliuzwa mara nne, nami nimesimama pale machozi yananilengalenga kwa furaha.

"Umeona, mama? Hata sijaanza, wananyang'anyana!"

Mama naye akapiga kigelegele chake.

Nikatangaza kwamba nanunua mashine ya kushindilia mkaa. Aliyenipinga ni shemeji peke yake, mdogo wa marehemu mume wangu. "Shemeji, tembeza kwanza huu wa mkono, mtaa kwa mtaa. Mashine haikimbii."

"Kwani wewe hukuwepo kanisani?" nilimfokea. Nilimwona ana kijicho tu.

Mama alikuwa na kiwanja Iyunga, kule kwao Mbeya, hicho hicho kimoja, alichokipata kwa kuuza ndizi. Alitaka ajenge chumba na sebule, azeekee kwao, azikwe kwao. Akakubali kiuzwe. "Mkaa ukilipa utaninunulia kingine," alisema. Tukaenda naye Mbeya, akaweka dole gumba, tukarudi na mashine ya kushindilia mkaa juu ya Fuso.

Basi nikatengeneza mpaka chumba kikajaa hadi darini. Nikatembeza. Wale wale wa kanisani waliniita ndani, wakanipa chai, wakasema hongera, tutakutafuta. Hakuna aliyenitafuta. Mama lishe mmoja ndiye aliyenunua, na kesho yake akaja amefura.

"Dada, mkaa wako unashika moto saa ngapi? Wateja wangu wameondoka chai haijachemka!"

Namheshimu mpaka leo kwa hasira ile. Ndiyo hapana ya kwanza niliyoambiwa, na mashine ilikuwa imeshafungwa sakafuni kwa nati. Nilijaribu kuurekebisha, wapi! Mashine yenyewe nikaja kuiuza kama chuma chakavu.

Juzi ilikuwa zamu yangu kufagia stoo ya kanisa. Nyuma ya viti vibovu nikalikuta gunia. Lilikuwa bado limefungwa kwa uzi mwekundu wa sweta nililofumua mwenyewe, na fundo ni lile lile langu. Walilinunua mara nne na hakuna hata mmoja aliyelibeba kwenda nalo nyumbani. Walikuwa wanamtolea Mungu, jamani, na ingekuwa boga wangelipigania vile vile. Nikakaa pale chini nikalia kwa hasira, na cha kuudhi zaidi, sikuwa na wa kumlaumu. Mtu aliyetoa sadaka utamlaumu kwa lipi?

Nikajitwika gunia mpaka nyumbani. Mama alikuwa amejikunyata na blanketi lake. Nikautia ule mkaa jikoni, nikapuliza mpaka kichwa kikauma. Mama akanyoosha mikono juu ya jiko ambalo halijapata moto, akauliza kama anavyouliza kila siku sasa, maana kumbukumbu zimeanza kumtoka.

"Mwanangu, tunarudi lini Iyunga kujenga?"

"Mkaa ukilipa, mama."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa kikwetu, akaendelea kusubiri moto.