Siku Niliyosahihisha Kitabu kwa Kalamu Nyekundu

Haya, leo naisema mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa watu na kila mtu kaitia chumvi yake. Ni kweli, ni mimi. Mimi ndiye yule mwalimu aliyemfanya mzungu mtu mzima avue kofia kwa ajili ya marehemu ambaye hakufa, na kijiji kizima kikamsalia Baba Yetu. Mkicheka chekeni polepole, mama mkwe wangu bado yupo, anakaa nyumba ya pili na masikio yake ni mazima kabisa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mnakumbuka Ngara ilivyokuwa, vilima vimebaki vipara kwa kukatwa kuni, malori yanapita kutwa, na ile chemchemi ya bondeni iliyokuwa ikitutosha bila maneno ikawa na foleni ya madumu mpaka kwenye migomba ya watu. Na Kiingereza, jamani, Kiingereza kilipanda bei kuliko maharage! Aliyejua kusema "good morning" aliitwa mkalimani akapewa na fulana. Mimi nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la sita na la saba, na sifichi, nilikuwa na maringo. Nilitembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa blauzi, ya bluu na nyekundu, hata kanisani (sijui nilitegemea kumsahihisha nani huko).

Basi ukaja mradi wa maji. Mkubwa wake pale kwetu alikuwa Injinia Masanja, Msukuma wa Mwanza, mtu mwema mwenye sauti ya kuita ng'ombe, naye akaletewa mafundi wawili kutoka Vietnam. Mmoja Bwana Thanh, mtu mzima, mwembamba, kazi yake kuchimba visima virefu na kufunga pampu za mkono. Mwingine dada Lien, yeye alikuwa wa kupima maji kwenye vichupa vyake kujua kama ni salama. Kazi waliijua vizuri mno, ila Kiingereza kiliwapiga chenga, na Kiswahili walikuwa na neno moja tu, shikamoo, ambalo Bwana Thanh alimwamkia nalo kila mtu hadi watoto wa darasa la kwanza, na watoto wale wasio na haya wakawa wanaitikia marahaba.

Siku moja Injinia akaja nyumbani, akakaa, akanieleza kwamba baada ya miezi miwili ofisi kubwa italeta mkaguzi, atawapima wale wawili kusoma na kuongea Kiingereza, kwa sababu ripoti zote zinaandikwa kwa lugha hiyo, na wakishindwa wanarudishwa kwao wiki hiyo hiyo. Wakirudishwa, kisima chetu kinafungwa kama kilivyo, na vile vingine vilivyopangwa mpaka kule Kirushya vinasubiri mafundi wengine, wa lini, hajui. Akasema, "Mwalimu, maji ya hapa sasa yanakutegemea wewe." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, tena nikamjibu kwa Kiingereza.

Tukaanza. Kila siku jioni wanafunzi wakishatoka, tunakaa darasani kwangu watu watatu na kitabu kimoja cha sarufi. Nikagundua Wavietnam wanameza mwisho wa neno na sisi Wahangaza tunaongeza: Lien akilisoma neno la kitabu anaishia "bu", mimi nasema "buku", basi tukikutana katikati neno linatoka zima. Nyakati nazo zilitutoa jasho, maana kwao kitenzi hakibadiliki, jana naenda, leo naenda, kesho naenda, mwendo ule ule. Lakini walikuwa na bidii, nyie. Bwana Thanh alikuwa anakuja na grisi mikononi, anakunja karatasi chini ya kiganja asichafue daftari, anasoma mstari mmoja mara kumi, na Lien aliniambia kwamba yule mzee usiku anasoma kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Nikawapenda, nisiseme uongo.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Tulifika kwenye zoezi la maswali ya kukanusha, na kitabu kikasema hivi, ukiulizwa "hujala?" na kweli hujala, jibu ni "no". Nikasoma tena. Nikageuza kitabu nikaangalia jalada. Tangu lini? Kwetu ukimuuliza mtu hujala, na hajala, anakwambia ndiyo, yaani ulivyosema ndivyo, sijala. Akikujibu hapana, ujue ameshakula. Kihangaza nacho ni hivyo hivyo. Nikasema moyoni huyu mpiga chapa alisinzia, masikini. Ningeweza kumuuliza Injinia, au padri, ambaye alisoma mpaka Ulaya, lakini mimi na maringo yangu nimuulize mtu Kiingereza? Nikachomoa kalamu nyekundu, nikakata "no" ya kwanza nikaandika "yes", nikateremka na ukurasa mzima mpaka chini, na pembeni nikaweka sahihi yangu.

Lien akaangalia, akasemezana na Bwana Thanh kwa lugha yao, nyuso zikawanawiri, kisha akanieleza kwa kubabaisha kwamba hata Vietnam mtu anajibu hivyo hivyo. Nikapiga meza! Nchi mbili zimekubaliana, mpiga chapa ni nani? Kuanzia hapo lile likawa ndilo zoezi letu la furaha, hatukosei hata mara moja, mimi nauliza wao wanajibu "yes", na tunaondoka tumeridhika.

Siku ya mkaguzi ikafika. Kijiji kimejaa kisimani, viti vimeletwa kutoka kanisani, turubai limefungwa, katekista yupo, mwenyekiti yupo, mama mkwe wangu ndiye wa kwanza kwenye foleni na ndoo yake mpya, kwa sababu alishatangazia watu kwamba mkwe wake ndiye aliyefundisha. Mimi nimevaa kitenge cha sikukuu na hereni zile ndefu. Mkaguzi alikuwa mzee mrefu, mpole, na utaratibu ulikuwa anywe glasi ya kwanza mbele ya watu, atie sahihi, pampu ifunguliwe. Lakini akasema badala ya kwenda ofisini, mtihani ufanyike hapo hapo, na akamwomba Injinia akae pembeni asisaidie.

Kusoma walisoma vizuri! Bwana Thanh alisoma ukurasa mzima bila kumeza neno, watu wakapiga makofi ingawa hawakuelewa kitu, na mama mkwe akageuka kuangalia kama majirani wananiona. Ndipo mkaguzi, kwa upole tu, akamuuliza kwa Kiingereza kama hawajapata ajali yoyote kazini. Bwana Thanh akanitupia jicho, nikamkubalia kwa kichwa, akajibu "yes" kwa sauti kubwa. Mkaguzi akaandika. Akauliza taratibu, je, hakufa mtu? Bwana Thanh, kwa tabasamu pana, akasema, "Yes, sir."

Mzee akavua kofia. Wanaume wa kijiji kuona mgeni kavua kofia nao wakavua. Katekista kuona kofia zimevuliwa akadhani ni wakati wa sala, akapiga ishara ya msalaba akaanzisha Baba Yetu, na watu wote wakaitikia, na mkaguzi akainamisha kichwa akiamini kwamba kijiji kinamwomboleza marehemu. Injinia kule pembeni anapunga mikono, anazuiwa. Mimi nilisali kwa moyo mmoja (nilidhani ni kuombea kisima).

Sala ikaisha, mkaguzi akiwa na glasi mkononi akamgeukia Lien akamuuliza, maji haya hayana vijidudu? Lien akanyoosha mgongo. "Yes, sir." Glasi ikashushwa. Yule mzee akatoa leso, akafuta vidole kimoja kimoja, na kijiji kizima kinaangalia. Mama mkwe wangu hakusubiri mkalimani, akapindua ndoo yake mpya, akasema kwa Kihangaza kwamba maji haya yameshaua mtu na ndiyo maana tumesalishwa. Neno likakimbia foleni nzima, ndoo zikapinduliwa, mama mmoja nyuma akaanza kulia akiuliza ni mtoto wa nani.

Mkaguzi akaja mpaka kwenye kiti changu, akaniuliza kama mimi sikujua habari hizi. Mimi kweli sikujua. Nikasimama, nikatengeneza kitenge, nikasema "yes". Akauliza, kumbe ulijua? Nikasema "no". Akauliza kwa nini umesema "yes"? Nikasema kwa sababu sikujua. Tukaangaliana. Na pale pale, ndugu zangu, nikauona ule ukurasa, na wino mwekundu unateremka, na sahihi yangu pembeni.

Akamwambia Injinia pampu ifungwe kwa mnyororo na mafundi wafungashe. Lien alilielewa neno la kwenda nyumbani. Hakubisha, alifungua begi akatoa kitabu, akafunua ukurasa ule, akaweka kidole, kumwonyesha kwamba amejibu kama ilivyoandikwa. Mkaguzi akaangalia wino, akauliza nani ameandika haya. Lien akanitazama mara moja tu, kisha akatazama chini, akanyamaza. Bwana Thanh naye akanyamaza. Wananificha! Watu wanaofukuzwa kazi kwa ajili yangu, wananificha. Injinia akaninong'oneza nikae kimya, tutasema walichanganyikiwa, watu watasahau. Nikamwangalia Bwana Thanh na grisi yake kwenye kucha, nikaona nikikaa kimya leo sitaweza tena kusimama mbele ya watoto wa watu.

Nikapanda kwenye sakafu ya pampu na hereni zangu. Nikasema kwa Kiswahili, kila mtu asikie, "Hakuna aliyekufa. Maji ni mazima, hawa watu hawana kosa lolote. Aliyekosea ni mimi, nimesahihisha kitabu ambacho hakikukosea." Injinia akatafsiri, hata sauti yake ilipungua. Kisha mama mkwe wangu, na ndoo yake tupu, akauliza kutoka kwenye foleni, "Kwa hiyo mwarimu, hakuna mtu aliyekufa?"

Mnaniamini? Nilishindwa kujibu. Nilifungua mdomo na sikujua tena niseme ndiyo au niseme hapana, nikabaki hivyo hivyo, na aliyeanza kucheka ni mwenyekiti, kisha watoto wa darasa langu, kisha dunia nzima. Nilitamani kuingia kisimani.

Wakati watu wanacheka, Lien akaichukua ile glasi, akainywa yote mpaka tone la mwisho, akaijaza tena akamwekea mkaguzi mbele. Mzee akamuuliza, huogopi? Lien akafungua mdomo, akasita, akanigeukia mimi. Bado ananiuliza mimi! Nikatikisa kichwa kukataa mpaka hereni moja ikaruka. Lien akasema, "No." Mkaguzi akamwangalia, akaniangalia, akaiweka kofia yake kichwani sawasawa, akanywa.

Walibaki, na visima vya Kirushya wakavimaliza wao. Mimi niliachiwa kusomesha kusoma tu, sarufi akapewa padri, na kijiji kikanibatiza Mwalimu Yesi, jina ambalo wajukuu zangu wanalijua kuliko lile la ubatizo. Kalamu nyekundu naitumia kwenye madaftari ya watoto peke yake, kitabu cha chapa sikigusi mpaka niulize watu wawili, na mtu akinikuta akaniuliza hujala, simjibu ndiyo wala hapana, namwambia sijala, nipe chakula.

Siku mafundi wanaondoka nilikwenda kuwaaga. Bwana Thanh akaniamkia shikamoo kwa mara ya mwisho, nikaitikia. Lien akanishika mikono yote miwili, na mimi machozi yako karibu, nikamuuliza kwa Kiingereza changu, hutanisahau? Akacheka, akasema, "Yes," akapanda gari. Mpaka leo sijui kama ilikuwa "yes" ya kitabu au "yes" ya kwetu, na sijawahi kumuuliza padri.