Nilipanga njia ya mkokoteni wa barafu Mji Mkongwe, posa yangu ikaingia ndani ya hesabu

Wakuu, asalaam alaykum, na wa imani nyingine habari za saa hizi.

Leo nimeamua kulitoa hili. Si chai, wala sikusimuliwa na mtu. Nilikuwemo mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, Unguja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni Ulaya Mashariki, nilikosomea kitu kinaitwa Operations Research.

Kwa wasioijua, ni elimu ya kutumia hesabu kupanga kazi. Gari lipite wapi, ghala likae wapi, foleni ipunguzwe vipi. Bibi yangu aliwaambia majirani nimesomea udaktari, maana hilo lilikuwa jepesi kueleza. Nikawa nnaletewa watu wenye vidonda.

Idara niliyopangiwa ilikuwa na kazi nyingi, ila mkuu wangu alikuwa anaumwa kichwa na jambo moja tu: barafu ya Ramadhani.

Wakati ule mafriji mjini yalikuwa ya kutafuta. Kiwanda cha barafu kilikuwa upande wa Malindi, hapo hapo mjini. Baada ya alasiri mapande yanapakiwa kwenye mkokoteni, yanafunikwa unga wa mbao na magunia, kisha mahamali wanausukuma vichochoroni kuwagawia wauza sharbati. Watu wanainunua baridi wakielekea nyumbani kufuturu.

Gari la injini halipiti kule. Na mkokoteni uliokuwa mzima ulikuwa mmoja.

Tatizo ni kwamba njia haikuwa na mpango. Mahamali walikuwa wanakwenda kwa kuitwa. Mtu wa Mkunazini akiita, haooo. Wa Shangani ana shemeji yake kwenye kazi, mkokoteni unageuzwa. Adhana inaingia, nusu ya wauzaji hawajaona barafu. Malalamiko yakawa yanapanda ngazi za ofisi.

Mkuu akaniita, akaniambia haya, hizo hesabu zako za Ulaya tuzione.

Sasa kabla sijaendelea, mjue hali yangu.

Mwezi wa Shaaban wazee wangu walipeleka posa kwa Mzee Suleiman, kumposa mwanawe Zuhura. Jibu tukaambiwa tungoje Idd. Zuhura nilikuwa nnampenda tangu skuli. Sisemi zaidi, mimi mtu mzima. Ila nilikuwa nnampenda.

Mzee Suleiman alikuwa muuza sharbati. Nadhani mnaona linakoelekea.

Nikachora ramani ya vichochoro vyote. Kuvipima nilichagua Ijumaa wakati wa sala, kwa sababu njia zilikuwa tupu na kamba yangu haikanyagwi na mtu. Mama aliposikia nimeikosa Ijumaa kwa ajili ya kamba, alininunia siku nyingi.

Hesabu ikatoa mzunguko mfupi, msafi. Nikaupeleka kwa mahamali nikiwa na uhakika wote wa msomi.

Siku ya kwanza mkokoteni ulichelewa kuliko zamani.

Kesho yake nikaufuata nyuma nione kuna nini. Kumbe mzunguko wangu ulikuwa unapita kwenye baraza zote kubwa za mji, na alasiri ya Ramadhani kila baraza imejaa wazee wanaongoja magharibi. Hamali wa Unguja hawezi kumpita mzee bila shikamoo. Akishaitikiwa marahaba, anaulizwa mama hajambo, watoto hawajambo, saumu inakwendaje. Hatua chache, baraza nyingine. Barafu inachuruzika njia nzima.

Mimi nilikuwa nimeupima mji siku ambayo wazee wote wako msikitini.

Nikarudi mezani. Nikaziingiza salamu kwenye hesabu kama urefu wa njia. Baraza yenye wazee wengi nikaiandika kuwa ni uchochoro mrefu. Mwalimu wangu kule Ulaya angecheka mpaka akae chini, lakini ilifanya kazi. Mzunguko mpya ulikuwa mrefu zaidi kwa miguu, ila ulikwepa baraza kubwa, na mkokoteni ukamaliza maduka yote kabla ya adhana. Mkuu wangu alinipa mkono mbele ya watu. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Ila palikuwa na jambo moja.

Kwenye mzunguko lazima awepo wa mwisho, na huyo wa mwisho barafu inamfikia imeshaliwa na jua. Wa kwanza alikuwa Bi Salma wa Kiponda, mjane, muuza maji ya ukwaju. Wa mwisho, kwenye uchochoro wa nyuma ya Forodhani, alikuwa Mzee Suleiman.

Wallahi sikumweka mimi. Hesabu ilimweka.

Na duka lake halikuwa mbali na kiwanda. Kila siku aliuona mkokoteni umejaa, ukimpa mgongo, ukaenda kuzunguka mji mzima, ukamrudia na kipande cha kukaa kiganjani. Sharbati yake ikawa vuguvugu. Wateja wakahama. Na ule ndio mwezi aliokuwa akiutegemea mwaka mzima.

Akaniita. Nikampa shikamoo, akaitika vizuri. Hakunifokea. Aliniuliza tu, hii njia yako ni duara? Nikamwambia naam.

"Basi igeuze, mwanangu. Uanzie kwangu, umalizie kule. Urefu si ule ule?"

Urefu ulikuwa ule ule. Kihesabu sikuwa na la kumpinga.

Nikaenda kukaa na ramani yangu. Nikigeuza, kipande cha kiganjani kinakwenda kwa Bi Salma, ambaye ana watoto wa kulisha na hana mtu ofisini wa kumsemea. Nisipogeuza, nnamkosa Zuhura. Masomoni hawakutufundisha hilo linaandikwa wapi.

Mwisho nikapata jibu nililoliona zuri mno. Siku moja mkokoteni uzunguke huku, siku ya pili uzunguke kule. Leo Bi Salma wa kwanza, kesho Mzee Suleiman. Kila mmoja ana siku yake njema na siku yake mbaya. Bi Salma alipoelezwa alisema haya, akaendelea kukoroga ukwaju wake. Mzee Suleiman aliitika kwa kichwa. Nikadhani karidhika. Ujana huo.

Idd pili nikaenda kumpa mkono. Akanikaribisha, akaniletea halua na kahawa, tukazungumza habari za mji. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Nilikuomba jambo moja, ukaniweka sawa na watu wote. Nikikupa mwanangu, naye utamweka sawa na watu wote?"

Nikamaliza kahawa yangu, nikaaga.

Haikupita muda posa ikarudishwa kwa wazee wangu, kwa maneno mazuri. Zuhura alinipa salamu kupitia kwa dada yangu. Alisema ningegeuza asingenilaumu, na kwa kuwa sikugeuza hanilaumu. Bora angenitukana.

Ofisini nikapandishwa cheo.

Kabla ya Ramadhani iliyofuata Zuhura akaolewa na seremala mmoja wa Mwembetanga. Kijana mzuri, sina neno naye. Sharbati ya harusi inataka barafu, ombi likaja idarani, na kwa kuwa njia zote zilikuwa zangu, likatua mezani kwangu.

Siku hiyo niliivunja hesabu yangu yote. Niliwaambia mahamali waanzie nyumba ya harusi, wakimbie, na kwenye baraza wasimsalimie mtu, lawama nitabeba mimi. Wazee walikasirika vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya mkokoteni, nasukuma.

Barafu ilifika nzima, inatoa moshi. Ndani taarabu imeshaanza. Mzee Suleiman akatoka kupokea. Akafunua gunia, akayatazama mapande, kisha akanitazama mimi nilivyorowa jasho.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema.

Nikamwambia naam. Nikageuza mkokoteni, nikaenda kuwapelekea wengine kilichobaki.

Nililojifunza, wakuu, hasa nyinyi vijana mnaokaa na data za serikali na viwanda: hesabu itakutafutia njia fupi, na iaminini, inafanya kazi kweli. Lakini yule wa mwisho ana jina na ana duka, na hesabu haiendi kukaa naye kunywa kahawa. Utakwenda wewe.

Mpaka leo sijui kama nilikosea. Siku nyingine naona nilifanya haki, siku nyingine naona nilikuwa mjinga wa kusomeshwa.

Haya, semeni. Ungekuwa wewe, ungemgeuzia mkweo mkokoteni? Pingeni mtakavyo, matusi tu ndiyo hapana. Nna presha.