Nilivyomshusha Mkwe Wakati wa Kipupwe

Watu wa Ifakara hupenda kusema wanasikia baridi. Mwezi wa saba ukiingia na ukungu ukalala juu ya mashamba yaliyovunwa mpunga, utamwona bodaboda wa Mlabani amevaa koti lililoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji, shingoni amefunga taulo, anapuliza viganja. Ikifika saa tatu asubuhi koti limelazwa kwenye tangi, naye anatokwa jasho. Mimi huwacheka. Baridi naijua, nimeishi nayo na kufanya kazi ndani yake, na karibu kila nilicho nacho leo nilikipatia humo.

Nilizaliwa Michenga, kwenye maji na matope, kwa wazazi wakulima ambao hawakuwa na uwezo wa kuninunulia hata kalamu ya pili. Nilijisomesha. Nina diploma ya umeme, na imetundikwa dukani kwangu mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Baada ya chuo nilikaa Njombe miaka mingi nikifunga nyaya na paneli za sola katika vijiji ambavyo asubuhi majani huamka meupe kwa barafu. Wengi hurudi nyumbani na begi moja na hadithi nyingi. Mimi nilirudi na pikipiki, mtaji na mke. Nikajenga Mlabani, nikafungua duka. Ukipita leo kwenye maboma ya wafugaji wa Kisukuma kule bondeni ukaona taa zinawaka, ujue nyingi ni kazi ya mkono wangu.

Kuendesha pikipiki kwenye baridi kuna elimu yake, na nimewafundisha wengi. Kwanza kifua: koti unalivaa nyuma mbele, zipu iwe mgongoni, ili upepo usipate mlango. Chini ya koti unaweka boksi lililokunjuliwa. Miguuni unavaa soksi, unapitisha mfuko wa nailoni, kisha soksi nyingine. Mikono ndiyo hufa kwanza, kwa hiyo nilikata madumu ya mafuta ya kula nikayafunga kwenye usukani, mikono ikakaa humo kama kuku kwenye kibanda. Njombe waliyacheka madumu yangu mpaka walipoanza kuyaiga. Kuhusu mgongo sikuwa na somo lolote. Nilikuwa nikisema mgongo hauhitaji kitu, kwani upepo haupigi kutoka nyuma.

Mke wangu aliugua figo. Alianza kuvimba miguu, akavimba uso, na kipupwe kilipoanza alikuwa amelazwa hospitalini hapa mjini, amekuwa mwepesi hata kumgeuza kitandani nilikuwa natumia mkono mmoja. Daktari aliniita pembeni akaniambia maneno ambayo sitaki kuyaandika. Niliporudi kitandani mke wangu hakuniuliza daktari amesema nini. Alisema, "Niletee mama."

"Nitamleta."

"Nataka anisuke. Hizi nywele zinaniwasha, mto unaniumiza. Anisuke ule mtindo wa twende kilioni, wa haraka haraka."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. "Dada, mitindo imejaa huko nje, wewe umeona huo tu wa kutaja humu wodini?"

Mke wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Ndiyo mama anaoujua," alisema. "Mwingine akijaribu, mstari unaanzia kwenye jicho."

Mama yake alikuwa akiishi Uchindile, juu kwenye misitu ya kupandwa, pamoja na shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu. Ni mjane, na kifua chake kilikuwa kinamsumbua kila kipupwe. Treni ya kumshusha ilikuwa bado siku kadhaa, na kwa maneno ya daktari siku kadhaa ni nyingi. Nikafunga duka, nikapanda na pikipiki yangu peke yangu, nikalala huko.

Asubuhi tuliamka ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Miti haikuonekana, ilisikika tu ikidondosha maji. Mama alitoka nje, nikachuchumaa kwa mbali, nikatazama chini kama inavyotakiwa, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwenzio hali yake?"

"Anakungoja umsuke."

Alirudi ndani, akatoka na begi dogo la kitambaa lenye kitana na chupa ya mafuta ya nazi.

Lazima nieleze jambo hapa kwa ajili ya vijana wa siku hizi, wanaopiga picha wamewakumbatia mama wakwe. Kwetu mkwe haguswi. Hampeani mkono, hamkai mkeka mmoja, hata kitu humpi mkononi. Unakiweka chini, unasogea, anakiokota. Kwa hiyo nilimvalisha mama kwa maneno tu. Niliweka koti langu zito juu ya kigoda, nikarudi nyuma, nikamwelekeza alivae nyuma mbele. Nikaweka boksi, soksi, mifuko ya nailoni. Mwisho nikavua glovu zangu za ngozi, nikaziweka pia. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, anatazama.

"Shemeji, huyo ni mama yangu au ni mzigo wa posta?"

"Ngoja uone atakavyofika," nilimwambia. "Atafika wa moto kama mkate."

"Na zipu atafungwa na nani?"

Tukatazamana. Zipu ilikuwa mgongoni. Shemeji akaweka kikombe chini, akaenda kuifunga yeye.

Mama alipanda akakaa upande, miguu yote miwili kushoto, maana mama mtu mzima hawezi kumpanulia mkwe miguu. Akaliweka begi lake katikati yetu, akalisukuma mpaka likakaa imara. Yeye mwenyewe akarudi nyuma kabisa kwenye keria, akashika chuma cha keria kwa mkono mmoja na ukingo wa siti kwa mwingine. Nilifurahi nilipoona lile begi. Nilijiona mtu mwenye mkwe anayejua heshima, na yeye ana mkwe wa namna hiyo hiyo.

Njia ya kushuka Mlimba ni kona, mawe na vijito. Katikati ya misitu ukungu ule haukuwa wa kutazama tu, ulikuwa unaingia. Nyusi zangu zililowa. Ndani ya madumu mikono yangu ilikuwa salama, na kila baada ya kona niliuliza, "Mama, uko salama?" Sauti ikajibu, "Niko, baba." Halafu ikawa inajibu, "Niko." Baadaye ikawa kama kukohoa.

Nilisimama mahali ambapo wafanyakazi wa shamba la miti walikuwa wamewasha moto wa matawi makavu. Mama alishindwa kuachia chuma. Vidole vilikuwa vimekunjika ndani ya glovu, na mimi sikuweza kumsaidia. Mwanamke mmoja mwenye buti za mvua alimwendea akamfungua kidole kimoja kimoja kama anayetoa mwiba. Akamkalisha upande mmoja wa moto. Mimi nilisimama upande wa pili.

"Nyie vipi, mmegombana njiani?" yule mwanamke aliuliza.

"Ni mkwe wangu," nilisema.

"Aaa." Akaelewa, na wenzake wote wakaelewa, hata aliyekuwa anacheka akaacha. Akamgeukia mama, akasema taratibu, "Lakini mama, kwenye pikipiki ukwe uweke mfukoni. Egemea mgongo wa huyo baba. Mgongo una moto, utakuokoa. Ukifika mnaendelea na ukwe wenu."

Mama alitazama moto. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, lakini sauti ilitoka imara. "Mwanangu yuko kitandani anapigania roho. Leo ndiyo siku ya mimi kumkumbatia mume wake? Nikivunja mwiko leo, nani ataulipia?"

Yule mwanamke akasukuma tawi motoni. Mimi niliona amesema kweli. Nilikuwa na diploma na nyumba ya bati la rangi, lakini jambo hilo nililiamini kama alivyoliamini yeye, na hadi leo sijui kama nimeacha kuliamini. Tulikuwa tunamlinda mtu mmoja, sote wawili, kila mmoja kutoka upande wake wa begi.

Tukaondoka vile vile.

Mlimba tulikuta jua. Magari ya Ifakara yalikuwa yameshaondoka alfajiri, ikabidi tuendelee na pikipiki. Tulisimama kunywa chai kwenye kibanda, watu wamevaa fulana, wanajipepea, na mama katikati yao anatetemeka mpaka chai inamwagika. Bodaboda mmoja akapiga mbinja.

"Mzee, bibi umemtoa wapi, kwenye friji?"

"Bibi, koti umelivaa kinyume, geuka basi tuone uso uko upande gani!" mwenzake akadakia.

Walicheka sana. Siku nyingine ningewajibu, kwa mdomo sishindwi na mtu. Nilisogeza kikombe cha pili karibu naye, nikakiweka chini. Alikohoa, akasema, "Twende baba, nywele za mwanangu."

Kutoka Mlimba mpaka Ifakara alikohoa njia nzima. Nilikuwa nasikia kikohozi kinapiga lile begi mgongoni mwangu.

Hospitalini tulifika jioni, muda wa kutazama wagonjwa haujaisha. Nesi wa zamu alitusimamisha mlangoni. Alikuwa binti mpole, simlaumu. Alimsikiliza mama akikohoa mara mbili, akamgusa paji la uso, akatikisa kichwa.

"Bibi ana homa. Kwa kikohozi hiki haingii humu. Wagonjwa hawa hawana nguvu, mafua tu yanawaua."

"Ni mama yake mzazi," nilisema. "Ametoka Uchindile kwa ajili hiyo tu."

"Naelewa, baba. Ndiyo maana nakwambia. Akimpenda asimkaribie."

Aliruhusu kitu kimoja. Kitanda cha mke wangu kilikuwa karibu na dirisha la wavu, linalotazama kibarazani. Mama akasimama nje, khanga mdomoni. Mimi nikaingia, nikamgeuza mke wangu upande wa dirisha. Alitazama muda mrefu.

"Mama, mbona umevaa koti la mume wangu?"

"Baridi, mwanangu."

"Njoo basi unisuke."

"Kikohozi kikipoa nakuja."

"Kipoe haraka."

Akaweka kiganja kwenye wavu. Mama aliinua mkono, halafu akaona kikohozi kinakuja, akageuka akakimbilia mwisho wa kibaraza.

Kikohozi hakikupoa. Nilimpeleka kwa daktari mwingine, akaambiwa ni nimonia, akapewa sindano na vidonge. Nyumbani kwangu nilimwashia jiko la mkaa sebuleni, Ifakara, mahali ambapo watu hulala milango wazi kwa joto. Kila jioni alivaa, akachukua begi lenye kitana na mafuta, akaja kusimama kibarazani. Kila jioni nesi alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa. Wauguzi walijitolea kumsuka mke wangu wao, akakataa. Hata mimi nilijaribu siku moja, mimi ninayeweza kuunga nyaya nyembamba kuliko unywele. Akasema, "Acha, utanifanya niende na mstari kwenye jicho." Hakucheka aliposema hivyo.

Alifariki asubuhi moja ya Jumapili, kengele za kanisani zinapigwa.

Hapo ndipo mama aliporuhusiwa kumkaribia. Wanawake wa mtaa walioosha mwili walitaka kumfunga kitambaa kichwani waharakishe, mama akawaambia wasubiri. Niliambiwa alikaa akakiweka kichwa cha mwanawe mapajani, akakipaka mafuta, akamsuka ule ule aliouomba, mistari imenyooka yote. Niliambiwa alikuwa akikohoa, na kila kikohozi kikija aligeuza uso pembeni, asimkoholee.

Baada ya matanga alirudi kwao kwa treni. Koti langu aliliacha limekunjwa juu ya kigoda, glovu juu yake. Nilichuchumaa kwa mbali, nikatazama chini. Alisema, "Baki salama, baba." Kipupwe kilichofuata shemeji alinipigia simu kwamba kifua kimemshinda. Nikapanda kumzika.

Bado nafanya kazi. Duka limekua, nimeongeza chumba, na diploma iko pale pale ukutani. Kipupwe hiki nimekwenda Uchindile kufunga sola kwa watu wa kule. Nimevaa kama ninavyojua: koti nyuma mbele, boksi kifuani, nailoni miguuni, madumu kwenye usukani. Kifua kilikuwa kikavu, mikono ya moto. Lakini kwenye ile misitu nilianza kutetemeka kutoka mgongoni, baridi inashuka kwenye uti kama maji, mpaka nikasimama. Nikajiuliza Njombe nilifanyaje miaka yote ile. Kisha nikakumbuka kwamba Njombe kila nilikokwenda mke wangu alikuwa nyuma, amenikumbatia, shavu lake kati ya mabega yangu, anaimba asichokijua vizuri.

Tangu hapo nimejaribu boksi la pili. Nimejaribu blanketi lililokunjwa, nimejaribu hata kujifunga begi la kitambaa mgongoni. Hakuna kinachosaidia.