Diski ya Kwenye Pilipili

Yayat alipomwacha mkewe Icih na kuhamia kwa mwanamke wa mji wa Garut, aliondoka na pikipiki, akaacha mashine ya kudarizi na kompyuta kuukuu inayoiendesha. Tangu hapo, kila kilichopotea Icih alikiona kimeibwa.

Ndivyo alivyomfukuza Nining, mfanyakazi wake wa miaka tisa. Siku moja alikuta kasha la diski ya mfumo wa kompyuta tupu ndani ya droo, na ufunguo wa droo alikuwa nao Nining. Akamwita mwizi mbele ya mkokoteni wa mboga, kichochoro kizima kikisikia.

Miezi minne baadaye kompyuta ikagoma kuwaka. Mavazi ya sala mia mbili hayakuwa yametiwa maua, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Fundi Deden akaifungua, akakuna kichwa.

"Nabadilisha kifaa kilichokufa, dada. Lakini lazima niweke mfumo ule ule wa zamani. Mashine yako haielewani na mpya."

"Si uuchukue mtandaoni? Wanasema ni bure."

"Bure na virusi vyake! Tovuti usiyoijua ni sawa na kumkaribisha mwizi sebuleni. Nataka diski halisi. Na nikimaliza, waya wa mtandao naung'oa. Mfumo mzee hauna tena wa kuulinda."

Neno mwizi lilimchoma Icih. Akatoka nje. Kwenye pilipili zake, diski za nyimbo za Yayat zilining'inia kwa uzi, zikimetameta kufukuza shomoro. Alikuwa amezikomba zote kwenye meza ya kompyuta kwa hasira wiki ile alipoachwa, akazitundika mwenyewe. Hakujua kusoma, kwake diski zote zilikuwa za Yayat.

Deden alimfuata, akashika moja, akaigeuza.

"Ndiyo hii."

Jua na mvua vilikuwa vimekwisha kuiharibu. Icih akakaa chini, hapo hapo kwenye tope.

"Nakala ipo," Deden alisema, bila kumtazama. "Nining aliniomba nimtengenezee mwaka juzi. Alisema diski nazo hufa, utabaki huna pa kushika."

Icih alimkuta Nining akikaanga bajia mlangoni kwake.

"Karibu, tajiri. Leo umeibiwa nini?"

"Niliitundika mimi, mdogo wangu. Kwenye pilipili."

"Na shomoro wametubu?" Nining akageuza bajia. "Uliniita mwizi mkokotenini. Kaseme huko huko."

Kesho yake asubuhi Icih alikiri mbele ya mkokoteni, mchicha mkononi. Muuza mboga alijifanya anapanga nyanya.

Nining aliileta diski, akampa Deden, si Icih. Kufikia adhuhuri ua la kwanza lilitokea kwenye kitambaa. Icih akaweka ufunguo wa droo mezani, mbele ya Nining.

Nining aliutazama, akauacha pale pale, akachukua kikapu chake, akaenda zake.