Malkia wa Mume Wangu

Nawaambia nyie kwa sababu hapa Mpanda wote wameshajua, na sura ya kuficha sina tena.

Mume wangu, Baba Neema, ni fundi redio. Jioni moja nilimpelekea chakula dukani, nikamsikia nyuma ya pazia akiongea na simu: "Malkia wangu nampenda tangu chuo. Nimejaribu wengine, lakini kwake narudi tu." Niliacha chakula mlangoni, nikaondoka. Siku iliyofuata nikamsikia tena: "Leo Malkia kazaa. Kesho namjengea."

Nilipanda gari hadi Usevya kumchukua mama mkwe, nikilia njia nzima. Akaniambia, "Kama mwanangu ana mtoto wa nje, nikamwone kwa macho yangu."

Tuliingia dukani bila hodi. Nilivuta pazia kwa hasira mpaka likang'oka. Baba Neema alikuwa peke yake mbele ya kompyuta yake kuukuu.

"Malkia yuko wapi?" nikauliza.

Alitutazama kama aliyeona mzimu, kisha akaonesha kioo. Palikuwa na dudu kubwa la sayari nyingine linataga mayai, na wadudu wake wanatoka kwenda vitani. Lilikuwa gemu la vita, na dudu hilo ndilo Malkia wake. Analicheza tangu chuo cha ufundi, na mtu wa kwenye simu ni mwenzake wa Ikola anayepigana naye humo.

Nilibaki nimeshika pazia mkononi. Mama mkwe akavaa miwani, akasogea, akalitazama lile dudu kwa muda mrefu.

"Mama Neema," akasema taratibu, "nimeacha mpunga wangu juani kwa ajili ya huyu?"