Mfagizi Aliyefuta Namba ya Kumi na Sita

Wasomaji wapendwa, kaeni wima na mfute nyuso. Baada ya kikao kirefu na kizito, gazeti hili linajivunia kuwaletea habari za jemadari shupavu, anayeongoza jeshi la watu thelathini na wawili dhidi ya adui asiyeonekana kwa macho.

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi jemadari amepiga magoti kwenye korido ya zahanati. Kwa ncha ya ufunguo wa stoo, anabandua ubani wa kutafuna uliogandishwa chini ya benchi la wagonjwa.

“Mtu mzima anakuja kung'olewa jino,” anasema bila kuinua kichwa, “anatuachia ubani.”

Na ili tusidanganyane: gazeti lenyewe ni la shule ya bweni, lina nakala arobaini, na kikao kile kizito kilikuwa cha mtu mmoja aliye likizo.

Mama huyu anaitwa Afande. Hajawahi kushika bunduki. Ni mfagizi, ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na miwili amepiga deki vyumba kumi na kimoja na kusugua vyoo vinne kila siku ya kazi. Ukimuuliza mshahara wake, anainua ufagio.

“Huu ni mrefu zaidi,” anasema.

Uafande umetoka kwenye filimbi. Saa kumi na mbili kamili anavua glavu, anafungua mlango wa nyuma na kuipuliza mara moja. Uwanja wa vumbi, ulio kati ya ukuta na tangi la maji, unajaa watu. Wote wana kisukari. Nusu yao wana presha pia. Hao, kwa maneno yake, “wamejiandikisha masomo mawili”.

Wanazunguka uwanja mara ishirini. Wanainua chupa za plastiki zilizojazwa mchanga. Kisha wanakaa chini kubishana juu ya sahani: nusu nzima ni ya mboga, na vyakula vingine vyote vigombanie nusu iliyobaki.

“Afande, goti langu leo limegoma!” analalamika fundi saa, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye kofia ya sufi.

“Barua ya mgomo sijaipata. Zunguka, mzee wangu!”

“Na sahani yangu mimi ni ndogo,” anadai Mama Mapazia, ambaye kazi yake ni kushona mapazia. “Nusu yake haionekani.”

“Sahani yako, dada, nimeiona kwa macho yangu. Unaweza kumwogeshea mtoto.”

Kinapigwa kicheko, lakini hakuna anayesimama. Kwa Afande unacheka huku unatembea.

Haya anayoyafundisha hakuyasoma ukutani. Kisukari kilimkuta miaka kumi na minne iliyopita, naye akakificha kwa ustadi. Wiki nzima nzima alikula alivyopenda. Siku mbili kabla ya kliniki alikula kama malaika. Asubuhi ya kliniki sukari ilikuwa nzuri, na daktari alimpa mkono.

“Kila mwezi hongera,” anasimulia. “Miaka sita ya hongera. Siku moja navua kiatu, kidole cheusi. Wakakata viwili.” Anagonga ncha ya kiatu chake cha kushoto kwa mpini wa ufagio; ngozi inabonyea, ndani hamna kitu. “Hongera ndizo zilizokula vidole vyangu. Kwa hiyo mtu asiniletee sukari ya maigizo.”

Walimletea. Kikundi kilikuwa kikipimwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ikifika Jumatano kila mtu aligeuka mtawa. Wenyewe waliziita “siku za malaika”, na walizisubiri kama wanafunzi wanavyosubiri kufunga shule, ila hawa walifunga midomo.

Mchezo huo ulikuwa wa kuchekesha mpaka mwezi uliopita, mkuu wa zahanati alipotaka uwanja uwe maegesho ya magari ya wafanyakazi. Magari yenyewe ni matatu. Alimwita Afande ofisini na kumpa sharti moja: kwenye kipimo cha mwisho wa mwezi, nusu ya kikundi, yaani watu kumi na sita, wawe na sukari chini ya saba kabla ya chai. Akikosekana hata mmoja, uwanja umekwenda.

“Siwezi kuacha eneo la zahanati kwa watu wa kuzungukazunguka,” alisema mkuu. “Nataka namba.”

“Namba utazipata,” Afande akajibu. “Tena za kweli.”

Yeye na nesi wakala njama. Kipimo kingesogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumanne, mtu yeyote kikundini asijue, ili malaika wasipate muda wa kuota mabawa. Mkuu hakupinga.

Siri ikavuja. Ilimfikia mtu mmoja tu, lakini ilivuja.

Jumanne hiyo, filimbi ilipolia na nesi akatokea na kimashine chake cha kupimia sukari, watu thelathini na mmoja walishika vichwa. Wa thelathini na mbili alitulia tuli. Fundi saa alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake. Chakula hakula, lakini vidonge alimeza: vya jana usiku na vya asubuhi ile, vyote juu ya tumbo tupu.

Foleni ilipofika katikati, mzee alianza kutokwa jasho. Alimwambia aliyekuwa mbele yake kwamba mikono inamtetemeka, kisha akakaa mavumbini. Nesi akamchoma kidole palepale. Mbili nukta nne.

“Sukari!” nesi akapiga kelele. “Nani ana kitu kitamu? Haraka!”

Watu thelathini na mmoja walitazama viatu vyao. Kila mmoja wao alikuwa amemwapia Afande kwamba kitu kitamu hakikanyagi mfukoni mwake.

“Mtu anatutoka!” Afande akanguruma. “Toeni! Sihesabu makosa!”

Mifuko ikafunguka. Zikatoka pipi saba. Ikatoka biskuti iliyofungwa kwenye leso kama dhahabu. Ikatoka nusu chupa ya soda. Mama Mapazia akafungua pochi, akatoa kopo dogo la sukari na kijiko chake.

“Kijiko cha nini?”

“Afande, si umesema huhesabu!”

Mzee alikuwa bado ana fahamu, kwa hiyo alinyweshwa soda kidogo kidogo, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Afande. Baada ya robo saa rangi ilimrudia, akaulizia kofia yake.

“Nani alikwambia leo tunapima?” Afande akamuuliza.

“Niliota.”

“Uliota, ukagoma kula?”

“Ilikuwa ndoto ndefu.”

Nesi alipomaliza kuwapima waliobaki kwenye foleni, mkuu akaja kuchukua karatasi ya majibu. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena. Waliokuwa chini ya saba walikuwa kumi na watano. Na fundi saa, mwenye mbili nukta nne, alikuwa wa kumi na sita.

“Sharti ni sharti,” mkuu akasema. “Mbili nukta nne iko chini ya saba. Mmefaulu.”

Watu walirukaruka, hata wenye magoti yaliyogoma. Afande alinyanyuka, akapangusa vumbi, akaomba kalamu. Akapiga mstari juu ya ile namba ya kumi na sita, mwanzo hadi mwisho, akairudia mara ya pili ili isisomeke.

“We Afande, una wazimu?” Mama Mapazia alikaribia kulia. “Si uiache tu!”

“Huyu hakufaulu. Huyu alikuwa anakufa mbele yetu, nyinyi mnashangilia. Leo nikiuchukua uwanja kwa namba hii, mwezi ujao mtazimia wote muwe wazuri.”

“Basi umeshindwa,” mkuu akasema, kwa upole kidogo.

“Nimepoteza uwanja, Mkuu. Watu wangu ninao wote.”

Jumatatu iliyofuata bango la maegesho lilikuwa limeshapigiliwa ukutani. Mkuu aliingiza gari lake, akazima injini, akataka kushuka. Hakuweza. Watu thelathini na wawili walikuwa wakilizunguka, mmoja nyuma ya mwingine, na chupa zao za mchanga.

Akateremsha kioo. “Hapa ni maegesho!”

“Tunajua, Mkuu,” akasema Afande. “Hatujaegesha. Tunatembea.”

“Nitaandika barua!”

“Andika. Ukimaliza, shuka na wewe uzunguke. Hilo tumbo mkanda umeshalikatia tamaa.”

Mkuu alikaa ndani ya gari mizunguko tisa. Kila alipopita dirishani, fundi saa alimpungia mkono.

Tangu hapo sheria za kikundi zimebadilika. Kila mtu anatembea na pipi moja mfukoni, hadharani, kwa ajili ya dharura, na Jumatatu pipi zinakaguliwa kama kucha. Anayekutwa hana anaongeza mizunguko miwili. Anayekutwa na karatasi tupu, mitano. Siku za malaika zimekwisha, kwa sababu nesi amefanikiwa kuwaombea kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita.

“Hicho hakihongwi na mboga za siku mbili,” anasema Afande huku akikamua tambara la deki. “Miezi mitatu ikiisha nataka watu ishirini. Karatasi naipeleka ofisini mwenyewe. Akinirudishia uwanja, vizuri. Akikataa, tutazunguka magari. Na yakiongezeka, ndiyo raha. Mzunguko unakuwa mrefu.”

Makala haya yalitakiwa kuishia hapo. Lakini Afande alitaka asomewe yote kabla hayajaenda popote. Alisikiliza mpaka mwisho, ndoo ikiwa kati yetu.

“Hebu rudia pale kwa fundi saa,” akasema.

Nikarudia.

“‘Mzee mwenye kofia ya sufi.’ Basi? Hana mke? Hana mjukuu?”

Mwandishi wenu akakohoa kikohozi cha kitaaluma.

“Sikiliza, mwanangu. Wiki moja kabla ya kipimo nilimchoma kidole asubuhi, bila kumwambia mtu. Sita nukta nane. Angekula chakula chake na kumeza vidonge vyake kama kawaida, angekuwa wa kumi na sita wa halali.” Akatundika tambara kwenye ukingo wa ndoo. “Na siku tulipopanga Jumanne, mle stoo tulikuwa watatu. Mimi, nesi, na mtu mwenye daftari.”

Basi iandikwe hapa, kwenye nakala zote arobaini. Fundi saa ni babu yangu. Nilimwambia mimi, Jumatatu jioni, chakula kikiwa mezani. Niliona ni utani wa aina yake: wengine wote waumbuke, babu yangu apite akipiga mluzi. Alipoulizwa, mzee alinificha.

Babu alikuwa ameshanawa mikono. Aliposikia, aliisukuma sahani upande wangu bila kuigusa. Nami, wasomaji wapendwa, niliila yote.